Kidokezo ndani ya kicheko: kwa anayeandika katuni ya upelelezi ya watu wazima

Swali: "Nimeandika muswada wa sehemu ya kwanza ya katuni ya upelelezi, ya vichekesho, kwa watu wazima. Mpelelezi wangu ni kunguru mlevi aliyefukuzwa polisi, na mwenzake ni kobe aliyewahi kuwa hakimu. Wanachunguza kifo cha panya buku, mmiliki wa ukumbi wa maigizo. Walioisoma wanacheka sana kurasa za mwanzo, katikati wanachoka, na karibu wote wamemjua muuaji kabla ya kunguru mwenyewe. Je, nipunguze vichekesho ili kesi isikike, au niilegeze kesi ili vichekesho vipumue? Nitajuaje kama mambo ya kikubwa niliyoweka yanatosha? Tena nimepanga kuwa swali la nani aliyemfukuzisha kunguru kazi lijibiwe msimu wa pili. Ni sawa?"

Jibu:

Usipunguze kimoja kwa ajili ya kingine. Nimezisoma kurasa ulizoambatanisha, na ninavyoona, tatizo halimo kwenye vipimo. Vichekesho vyako vinapita njia yao na kesi inapita yake. Wahusika wakianza mzaha, kesi husimama kuwasubiri. Kesi ikiendelea, kicheko kinakatika. Kufika katikati, msomaji ameshajifunza kwamba penye mzaha hapana habari yoyote ya maana, na kwamba wahusika wakikunja nyuso ndipo pa kutega sikio. Umemfundisha wewe mwenyewe namna ya kumkamata muuaji wako.

Kinachotakiwa ni kuficha kidokezo ndani ya kichekesho. Mtu anayecheka huwa ameacha kupima. Kwa sekunde mbili tatu anaamini kwamba alichokiona kimewekwa pale ili acheke, basi; hakihitaji sababu nyingine. Sekunde hizo ni mali kubwa kwa mwandishi wa mikasa, na mwandishi wa mikasa isiyo na vichekesho hanazo. Yeye analazimika kuficha ushahidi katikati ya orodha ya vitu, au katika maneno ya mhusika anayechosha. Wewe unaweza kuuweka mbele ya macho ya mtazamaji, akautazama, akaucheka, akausahau.

Nichukue mahali pamoja kwenye muswada wako. Kuna pale korongo, yule mwimbaji, anapoapa kuwa hajawahi kuingia chumbani kwa marehemu, kisha mistari sita baadaye anataja taa yenye kioo kilichovunjika. Kunguru ananyamaza, anageuza shingo, umeandika "ukimya mzito". Hapo hapo kesi imekwisha, na zimebaki kurasa kumi na nne. Kidokezo chenyewe ni kizuri: mtu anajua kitu ambacho hapaswi kukijua. Kilichokiharibu ni kwamba kimesemwa kwa mdomo, na ukimya umekipigia mstari.

Sasa iache taa hiyo hiyo, lakini uitoe kwenye maneno. Panya buku alikuwa mfupi, kwa hiyo taa yake ameining'iniza chini, kwa kimo chake, mara tu unapovuka kizingiti. Kunguru anaingia mara ya kwanza, anajigonga kichwa, anatukana. Anatoka kumwita kobe, anarudi, anajigonga tena. Kobe anapita chini ya taa kwa raha zake bila hata kuiona. Askari wa zamu anaingia, naye anajigonga. Huo tayari ni mzaha unaojirudia, na mtazamaji ameshauzoea. Anasubiri mwingine ajigonge. Ndipo kunguru anapomwita korongo aje kuutambua mwili. Wanaingia pamoja. Kunguru, mbele, anajigonga mara ya tatu, na safari hii anaipiga taa ngumi, taa inarudi na kumpiga mdomoni. Nyuma yake korongo, mwenye shingo ndefu kuliko wote, ameinamisha kichwa na kupita, huku akiendelea kulia na leso yake. Mtazamaji anacheka kwa sababu ya kunguru. Korongo ameonekana, hakufichwa, amepita katikati ya picha, lakini hakuna aliyemwangalia.

Tazama ulichokipata hapo. Kidokezo kimetolewa kwa haki kabisa, mtazamaji akirudisha nyuma atakikuta. Kimetolewa kwa mwili badala ya maneno, jambo ambalo katuni inaliweza kuliko kitu kingine chochote. Na utatuzi umepatikana bila hotuba: karibu na mwisho kunguru anajigonga mara ya nne, ananyanyua mdomo atukane, halafu anabaki mdomo wazi. Anamuuliza kobe, "Ni nani ambaye hakujigonga?" Mzaha uliokuwa unamchekesha mtazamaji tangu mwanzo ndio unaomkamata muuaji. Mtu aliyecheka mara tatu atajiona amedanganywa kwa heshima, na hiyo ni furaha ambayo mkasa mtupu hauwezi kuitoa wala kichekesho kitupu hakiwezi.

Kwa kipimo hicho pitia kila mzaha ulionao. Uliza: nikiutoa huu, kesi inabadilika? Kama haibadiliki, uko mahali pasipo pake. Sisemi uufute. Mzaha wa kobe kusinzia katikati ya mahojiano unachekesha kweli, ila kwa sasa anasinzia na kuamka bila chochote kutokea. Kama akisinzia mshukiwa akadhani hasikilizwi, akasema neno, mzaha huo umepata kazi. Vichekesho vyako vingi ni vya namna hiyo, vinakosa kazi tu.

Hapa kuna uamuzi ambao nadhani hujaufanya waziwazi, na ndio unaoyumbisha muswada mzima. Katuni za upelelezi za watu wazima zimegawanyika kuanzia misingi. Kuna zile ambazo kesi ni kisingizio tu. Mike Tyson Mysteries, iliyoanza kurushwa mwaka 2014 na Adult Swim, idhaa ya Marekani ya vipindi vya watu wazima, ilikuwa hivyo: bondia mwenyewe aliigiza sauti yake, akizunguka kutatua mikasa pamoja na binti yake wa kulea, mzimu na njiwa mwenye mdomo mchafu, na mara nyingi kesi ilitelekezwa njiani bila mtu kuilalamikia. Iliwezekana kwa sababu sehemu zake zilikuwa za dakika kama 11, na kwa sababu ilikuwa inaicheza ile kanuni ya Scooby-Doo, katuni ya watoto iliyoanza Marekani mwaka 1969, ambayo kila mtazamaji anaijua kwa moyo: kuna jini, kuna kukimbizana, kisha kinyago kinavuliwa na chini yake yupo mtu mwenye tamaa. Mtazamaji akishaijua njia, unaweza kuiacha njia, naye asipotee.

Aina ya pili ni ile ambayo mtu amekufa kweli na mtazamaji anataka kujua. Wewe umeandika ya pili. Panya buku ana mjane, ana madeni, ana barua ambayo hakuimaliza. Ukishamlilia maiti kwenye ukurasa wa nne huwezi kumfanya kisingizio kwenye ukurasa wa kumi na tano. Kwa hiyo kesi yako haina ruhusa ya kulegea. Washukiwa wako saba ni wengi mno kwa dakika 22, ambao ndio urefu wa kawaida wa kipindi cha nusu saa kwenye televisheni za biashara zenye matangazo. Wanne wanatosha. Ingekuwa dakika 11 ningekwambia wawili, mmoja wao akiwa mtu ambaye mtazamaji amemwona akifanya kazi nyingine kabisa.

Kisha kuna jambo la katuni yenyewe, na hapa nakuomba uwe makini sana, kwa sababu ndipo wasomaji wa muswada wanapoweza kudanganyika na watazamaji wasidanganyike.

Zamani, kabla ya kompyuta, mandhari ya nyuma ilichorwa kwa rangi za maji au rangi nzito juu ya karatasi, ikiwa na vivuli na umbile. Kitu cha kusogea kilichorwa peke yake juu ya karatasi angavu ya plastiki, kikapakwa rangi bapa, kisha kikalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Matokeo yake kila aliyekulia kwenye katuni hizo anakumbuka: unaona ukuta wa mawe, na jiwe moja lina rangi tofauti kidogo na mengine. Unajua papo hapo kwamba hilo ndilo litakalosukumwa na mlango wa siri ufunguke. Mchoro ulikuwa unatoa siri kabla ya hadithi.

Kompyuta imepunguza tofauti ya rangi, lakini tabia ile haijafa. Katika filamu ya watu halisi, kamera inaokota vitu vingi ambavyo hakuna aliyevipanga: kikombe mezani, mtu anayepita, kivuli. Katika katuni hakuna bahati. Kila kikombe kuna mtu amekichora, na mtazamaji anajua hivyo hata kama hajawahi kulisema. Mhusika akipepesa macho, kuna aliyeamua apepese. Kwa hiyo ukichora kisu kimoja ukutani, kisu hicho kinapiga kelele. Chora visu kumi na mbili, uma, upawa na picha ya bibi wa marehemu aliyekunja uso, halafu mfanye kunguru agombane na picha hiyo.

Hivyo hivyo kwa wahusika. Wachoraji wakibanwa na muda huwapa watu wa pembeni sura rahisi: macho vitone viwili, nguo ya rangi moja, mwili usiosogea isipokuwa mdomo. Mshukiwa mkuu anapewa mikunjo ya koti, kope, pete. Mtazamaji anamtambua kwa pete kabla hajasema neno. Elewana na mchoraji mapema kwamba washukiwa wote wanne, pamoja na watu wawili wasiohusika, wanachorwa kwa uzito mmoja. Ni gharama, ndiyo. Ni afadhali uwe na wahusika wachache waliochorwa sawasawa kuliko ukumbi uliojaa watu wa vitone na muuaji mmoja mwenye kope.

Na sauti pia. Ukipata mwigizaji wa sauti anayefahamika na watu, ukampa sehemu ya mistari mitatu, umekwisha. Watu watasema: huyu hakuitwa kwa mistari mitatu. Mpe sauti hiyo mhusika anayeongea sana na asiye na hatia, au umpe marehemu, aonekane kwenye kumbukumbu.

Upande mwingine wa jambo hili ni neema. Katuni inaweza kukufanyia kitu ambacho kamera inakifanya kwa shida: ushahidi wa kila shahidi unaweza kuwa na mchoro wake. Mjane akisimulia usiku ule, chumba kinachorwa kwa mistari laini, marehemu akiwa mrefu na mtanashati, maana ndivyo anavyomkumbuka. Mdai akisimulia usiku ule ule, panya buku anakuwa mnene, ana jasho, na chumba kizima kina rangi ya bili. Hapo kuna vichekesho vya bure, na kuna upelelezi ndani yake, kwa sababu mtazamaji anaweza kulinganisha: je, ni kitu gani kimebaki vilevile katika simulizi zote? Kama saa ya ukutani inasoma saa nne kasorobo kwa mashahidi watatu na saa tano kamili kwa mmoja, umeweka kidokezo bila neno lolote. Sharti ni moja tu. Mchoro wa kawaida wa kipindi, ule ambao hausimuliwi na mtu, usionyeshe hata mara moja jambo ambalo halikutokea. Mwaka 1929 padri na mwandishi wa mikasa wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za mchezo huu, na mojawapo inamtaka mpelelezi asiokote kidokezo bila kukionyesha kwa msomaji pale pale. Nyingine kati ya zile zimepitwa na wakati, lakini hiyo haijachakaa. Shahidi aweza kudanganya, na mchoro wa shahidi ukadanganya pamoja naye. Wewe huruhusiwi.

Kuhusu wawili wako. Kunguru na kobe wote wanatania, na kwa kiwango kile kile. Ninaelewa, kobe ana mistari mitamu. Lakini wawili wakitania, hakuna anayebaki kuamini kwamba kuna maiti. Angalia Duckman, iliyorushwa Marekani na USA Network kuanzia 1994 hadi 1997, sehemu 70, kutoka kwenye vibonzo vya Everett Peck. Mpelelezi ni bata mwenye hasira, mzembe, mwenye ulimi mchafu, kwa sauti ya Jason Alexander. Pembeni yake yupo nguruwe, Cornfed, anayeongea kwa sauti moja bapa kama askari anayesoma ripoti, na ambaye ndiye hasa anayezijua kesi. Bata anaweza kwenda mbali kiasi chochote kwa sababu nguruwe hatikisiki. Kobe wako alikuwa hakimu; mpe uzito wa hakimu. Kumtoa mizaha hakumfanyi asichekeshe. Kobe anayeuliza kwa upole kabisa, "Na damu hii, bwana, ni ya nani?" wakati kunguru amenaswa kwenye pazia, atachekesha kuliko mistari yake yote ya sasa. Nawe usiogope kulinganishwa na Duckman kwa sababu ya wanyama wawili. Utaogopa kulinganishwa iwapo tu kunguru wako hana jambo lake mwenyewe, na analo, nitalifikia.

Umeuliza kuhusu mambo ya kikubwa. Muswada wako una matusi mengi, una danguro, una kichwa kilichokatwa kinachodunda ngazi hadi ngazi. Vyote hivyo vitaamua alama ya umri itakayowekwa kwenye kipindi, basi. Marekani alama hizo za televisheni zilianza kutumika Januari 1997, na South Park, katuni ya vichekesho, ilipoanza Agosti mwaka huo huo ilibeba ile ya juu kabisa, TV-MA, yaani ya watu wazima. Alama ni onyo kwa mzazi kuhusu kilichomo. Haimwambii mtu mzima kama kuna kitu chake humo.

Kinachomfanya mtu mzima abaki ni sababu ya mauaji na gharama ya makosa. Korongo wako anaua kwa sababu "ana wivu". Wivu wa nini? Mtoto wa miaka tisa anaelewa wivu. Sasa fikiri kwamba panya buku amekuwa akimshikilia kwa mkataba wa miaka mingi, akimkata malipo, na kila mwaka akimwambia yeye ni familia. Na usiku ule korongo aligundua kwamba sauti yake imeshauzwa kwa mtu mwingine, mkataba umetiwa saini, na saini ya shahidi ni ya rafiki yake. Hilo analielewa mtu aliyewahi kudanganywa kazini na mtu anayempenda. Linauma, na halihitaji tone la damu. Tena linakupa kichekesho cha kikubwa kuliko matusi yote: kobe akisoma mkataba ule kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya mahakama, na kila kifungu kibaya kuliko kilichotangulia.

Vivyo hivyo ulevi wa kunguru. Kwa sasa analewa, anaanguka, tunacheka, asubuhi ni mzima. Katika katuni za watoto mhusika akibondwa na nyundo hurudi na umbo lake baada ya sekunde moja, na hiyo ni haki yake. Kwenye katuni ya watu wazima, baadhi ya mibonyeo inapaswa kubaki. BoJack Horseman, iliyoanza 2014, ilijengwa juu ya jambo hilo: farasi anayechekesha, anayekunywa, na ambaye watu aliowaumiza hawasahau sehemu inayofuata ikianza. Hulazimiki kuandika kwa huzuni ile. Lakini mfanye kunguru, usiku alioanguka mezani tukacheka, awe ameikosa simu ya mjane. Asubuhi mjane ameshaondoka na ushahidi ameondoka nao. Mtazamaji atakumbuka kwamba alicheka. Hilo moja litafanya kazi kuliko danguro zima, ambalo kwa maoni yangu unaweza kuliondoa bila kesi kutikisika.

Matusi yenyewe yapunguze, na sisemi hivi kwa sababu ya maadili. Tusi linafanya kazi ya nyundo. Kunguru akitukana kila mstari, ile mara ya tatu anapoipiga taa ngumi hana neno la kutumia.

Sasa kazi ya vitendo, maana unaandika kitu kitakachochorwa. Kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza, kisha michoro inafuata sauti. Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde, na hata pale mchoro mmoja unapotumiwa kwa picha mbili, bado ni michoro 12 kwa sekunde moja ya mwendo. South Park inajulikana kwa kutengeneza sehemu nzima kwa siku sita, ila hiyo ni timu iliyojengwa kwa ajili ya kasi hiyo. Katuni nyingi za televisheni huchukua miezi. Maana yake ni kwamba huwezi kubadilisha muuaji baada ya kurekodi. Mwandishi wa vichekesho vya jukwaani anaweza kubadilisha mwisho usiku wa mwisho. Wewe, siku waigizaji wanaposimama mbele ya maikrofoni, uwe umeshafunga: nani, kwa nini, saa ngapi, aliingia na kutoka kwa mlango upi, na kila mshukiwa alikuwa wapi dakika ile. Andika ratiba ya usiku wa mauaji kwenye karatasi ya pembeni, dakika kwa dakika, hata mambo ambayo hayataonyeshwa. Mchoraji ataihitaji. Yeye ndiye atakayeamua mshumaa umebaki mrefu kiasi gani, na usipomwambia atachora mzima, na mtu mmoja mwenye macho makali atakuuliza mbona mshumaa haukuungua.

Baada ya sauti na michoro ya awali kupangwa kwa mfuatano, kabla ya uchoraji kamili, utakuwa na kipindi kizima katika hali ghafi, michoro ya penseli na sauti za kweli. Hapo ndipo pa kupima, kuliko muswada. Kaa na watu ambao hawajasoma lolote. Usimamishe kabla ya utatuzi, umuulize kila mmoja peke yake maswali mawili: ni nani, na umejuaje? Jibu la pili ndilo lenye thamani. Akisema "korongo, kwa sababu hakujigonga kwenye taa", mpongeze, amecheza mchezo akashinda. Mtu mmoja au wawili wa aina hiyo ni dalili njema. Akisema "korongo, kwa sababu mlimwonyesha sana" au "kwa sababu ndiye pekee tusiyemcheka", basi amekukamata wewe badala ya muuaji, na kuna kazi ya kurudia. Hiyo ya pili ni ya kawaida sana kwenye vichekesho. Mwandishi humhurumia muuaji, anamwacha bila mzaha, na anabaki peke yake kwenye kipindi akiwa na heshima. Korongo achekwe kama wengine. Kilio chake cha kuimba, ambacho umekiandika vizuri, kirefushe. Amlilie marehemu kwa sauti ya opera mpaka vioo vipasuke. Pakibaki dosari ndogo, bado unaweza kurekodi mstari mmoja mpya na kuupachika pale mhusika anapoonekana kwa mgongo au yuko nje ya picha, mdomo hauonekani.

Njia nyingine ipo kama baada ya yote hayo watu bado wanamjua: waambie. Onyesha mauaji kwenye dakika ya kwanza, uso wa muuaji wazi, kisha swali liwe atakamatwaje. R. Austin Freeman wa Uingereza aliichapisha mikasa ya namna hiyo mwaka 1912, na Columbo ya Peter Falk iliishi kwa hilo kwenye televisheni ya Marekani. Kwa vichekesho ni umbo zuri sana, kwa sababu mtazamaji anajua zaidi ya kunguru, na kila kunguru anapoukaribia ukweli akaukosa kwa ujinga kuna kicheko na kuna mshituko. Sikushauri uanze nalo katika sehemu hii, taa ni nzuri mno kuipoteza. Liweke kwa sehemu ya tatu au ya nne, mtazamaji akishauzoea mchezo wa kwanza.

Lililobaki ni lile la kunguru kufukuzwa kazi. Archer, katuni ya Marekani ya majasusi, kwenye msimu wake wa 2016 ambapo wahusika wanageuka kuwa wapelelezi wa kulipwa Los Angeles, ilifungua kwa mwili wa mhusika mkuu ukielea kwenye bwawa la kuogelea, kisha ikarudi nyuma kusimulia walifikaje hapo. Mkasa mkubwa uliwekwa mezani dakika ya kwanza na msimu huo huo ukarudi kwenye bwawa. Duckman ilifanya kinyume. Tangu mwanzo bata ni mjane, mke wake Beatrice amekufa. Sehemu ya mwisho, Septemba 1997, Beatrice anatokea akiwa hai, na inabainika kwamba Cornfed alijua. Hapo hapo picha inakatika na ahadi ya kuendelea, na haikuendelea tena. Walioipenda wamebaki na swali hilo mpaka leo.

Huna hakika ya msimu wa pili. Hakuna mwandishi mwenye hakika hiyo. Jibu la nani aliyemfukuzisha kunguru liwe ndani ya msimu wa kwanza, na nadhani unalo tayari bila kujua. Umeandika kwamba kobe aliacha uhakimu mwaka ule ule kunguru alipofukuzwa, na hukueleza kwa nini. Kama ni kobe aliyetia saini hati ile, na akaacha kazi kwa sababu alijua imeghushiwa, unapata sehemu ya mwisho ya msimu, unapata sababu ya upole wake, na unapata kitu cha kuficha ndani ya vichekesho kuanzia sehemu ya kwanza: kobe ambaye kila akipewa karatasi atie saini, husinzia.